Wimbo wa Mlango Mwekundu

Watu wa Musoma wakikutana mahali penye redio, haipiti muda wanaanza kubishana: bendi yetu ya zamani ilipiga vizuri zaidi miaka gani? Wapo wa miaka ya sabini, ambao mioyo yao bado imevaa suruali za bugaluu. Wapo wa miaka ya themanini, wachache, wabishi, hawakubali kushindwa. Na vijana wa siku hizi wanasema bendi ilianza kuwa bendi siku ilipopata kinanda. Nawaachaga wabishane. Wakichoka wananigeukia mimi, maana wanajua. Darasa la nne lilinishinda, sifichi, lakini kwa miaka ishirini na kitu hakuna waya uliopitisha sauti katika bendi ile ambao haukupita kwanza kwenye vidole hivi.

Basi nitasema, na nitasema na lile ambalo huwa nalimeza. Miaka yote hiyo bendi ilitunga nyimbo za mapenzi, za kilimo, za siasa, za mama mkwe. Lakini nyimbo za kumsifu tajiri mmoja aliye hai, kwa jina lake, kuanzia mbali alikofika mpaka mlangoni kwake, ilitunga tatu tu. Moja kwa kila kipindi. Mwenye wimbo wa kwanza amekufa. Mwenye wimbo wa pili amekufa. Wa tatu ni wangu.

Nilizaliwa Murangi, nyumba ya nyasi, baba mvuvi, mama mlima mihogo. Nilikuja mjini kwa miguu na bisibisi moja mfukoni, nikajifunza redio kwa kufungua mbovu na kuzifunga zikiwa nzima. Mwalimu sikuwa naye. Shirika moja la umma lilipoanzisha bendi, likaleta magitaa ya nje kwenye masanduku, tarumbeta tatu, saksafoni mbili zinang'aa hadi unajionea meno. Mimi nikaajiriwa kubeba. Baada ya mwezi amplifaya ikazimika katikati ya bugi, lile dansi la Jumapili mchana, ukumbi umejaa, viongozi wamekaa mbele. Nikaifungua palepale jukwaani, nikalamba kidole, nikagusa ninapojua, ikawaka. Kuanzia siku ile hakuna aliyeniambia beba.

Kiongozi wa bendi, ambaye pia ndiye alikuwa mtunzi na mpiga solo, alikuwa mtu wa upande wa Butiama. Mrefu, mkimya, anacheka kwa pua. Mimi Mjita, yeye kwao lugha nyingine, mila nyingine; tulikutana kwenye Kiswahili chetu hiki cha huku. Yeye aliniita fundi, mimi nilimwita mkuu.

Kipindi cha kwanza, nikisema kweli bila upendeleo, bendi ilikuwa safi kama shati lililopigwa pasi. Tarumbeta ziliingia kwa wakati, zilitoka kwa wakati. Nyimbo ziliambia watu walime, wasome, waoe vizuri. Ukisikiliza leo unaona kila mpigaji alikuwa na chombo kizuri na hofu ya kukikwaruza. Wimbo mmoja tu ulikuwa na kitu kingine ndani yake. Ulikuwa wa mfanyabiashara wa vitenge wa hapa mjini. Ulianza Nairobi, ukaja Kisumu, ukaja Sirari, ukaja Tarime, kila mahali palipotajwa tarumbeta ziliitikia na sauti ikashuka kidogo, kama mtu anayeteremka mlima wa mawe huku anaangalia anapokanyaga. Nywele zilikuwa zinanisimama, sikujua kwa nini. Nikadhani ndio utamu wenyewe.

Kwenye mazoezi wimbo uliishia njia panda ya kuingia mjini. Tajiri akaja kuusikiliza, akakunja uso.

"Mbona nyumba yangu mmeiruka?"

"Mzee, unapendeza zaidi ukiishia njia panda," mkuu akamwambia.

"Kwani mimi nalalaga njia panda? Taja mlango. Mlango wa bluu, watu waujue."

Mkuu alifuta gitaa lake kwa kitambaa mahali ambapo palikuwa safi tayari. Halafu wakautaja mlango. Wakaenda Dar es Salaam kuurekodi redioni, na mtu yule akawa anatembea mjini kama ndiye aliyeutunga.

Miaka ikapita, vita ikapita, maduka yakabaki rafu tupu. Ilipoanza ile kamatakamata ya walanguzi, dari la tajiri wa vitenge lilikutwa limejaa sabuni na sukari. Alikaa ndani miezi mingi. Siku aliyoachiwa tulikuwa watu wengi barabarani, mchana kweupe. Alishuka kwenye gari mwenyewe, akatembea mwenyewe, akafika kwenye mlango wake wa bluu, akaegemea fremu kama mtu anayetaka kuvua viatu. Hakuvivua. Alishuka taratibu mpaka chini na hakuinuka.

Tulisema ni moyo. Tukasema ni fedheha. Mkuu alikuwa ameshageuka kuondoka.

Sasa tuje kipindi cha pili, ambacho ni changu. Wenye kupinga wapinge.

Nyuzi za gitaa zilikuwa hazipatikani. Uzi mmoja ulitafutwa kama dawa ya mgonjwa. Vali za tarumbeta ziliganda, wapigaji wakaondoka mmoja mmoja, huyu akaenda Kiriba kulima, yule akaingia ziwani. Shirika lilisema vumilieni. Mimi sikuvumilia, mimi nilitengeneza. Nilifumua waya za breki za baiskeli, nikapata nyuzi nyembamba za solo na ridhimu. Ngozi za ngoma zilipopasuka nilinunua mbuzi Kiriba, tukala nyama, tukawamba ngozi. Spika zilizotoboka nilizibandika kwa karatasi ya mfuko wa saruji na gundi ya unga wa muhogo. Kila kitu kikabadilika sauti. Gitaa likawa na ukali wa kisu, ngoma zikawa na kifua. Watu waliotoka Mwanza walikuja kuuliza tumenunua wapi vyombo. Nikawaambia, hivi havinunuliwi.

Na nyimbo nazo zikabadilika. Hakukuwa na kanda za kurekodia, kwa hiyo hakuna aliyetuambia tuishie dakika nne. Wimbo ulikwenda nusu saa. Palikuwa na mmoja uliomhusu mama anayefua kwa majani ya mpapai, anauliza povu limehamia wapi. Watu walicheka huku wanatazama nyuma yao nani amesikia. Miaka ya sabini bendi ilituambia tufanye nini. Miaka hii ilituambia tumekuwaje. Hiyo ndiyo tofauti, na aliyesoma zaidi yangu aje aniambie nyingine.

Kilichobaki ni besi. Waya wa baiskeli kwa besi ni mwembamba, unalia kama mbu. Nikawa natafuta. Siku moja Bunda, karibu na jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, tanboi mmoja, utingo wa malori, aliniletea kitu kimefungwa kwenye gazeti. Waya wa hendibreki ya lori, mzima, una grisi bado. Nikampa nilichompa, nikaondoka nao. Sikumuuliza ni wa lori gani. Siku zile mtu akikuletea kitu ambacho hakipo, unauliza ili iweje? Niliufumua, nikasokota upya nyuzi tatu tatu, nikafunga kwenye besi. Mpigaji alipougusa mara ya kwanza aliinua macho akanitazama. Sauti ile ulikuwa huisikii masikioni, unaisikia kwenye meno. Ndiyo iliyotupa jina mkoa mzima.

Msimu ule wa pamba tukapata kazi Bunda kila Jumapili. Kulikuwa na mnunuzi wa pamba, bwana mwenye malori, anacheza na vumbi jeupe la pamba kichwani halipanguswi, ili mjue ametoka wapi. Akataka wimbo wake, kama ule wa tajiri wa vitenge. Mkuu akamwambia ule ulikwisha na mwenyewe. Yule bwana akacheka, akaleta ng'ombe. Wapigaji walikuwa na njaa. Wimbo ukatungwa: kutoka Dar, Shinyanga, Mwanza, Magu, Lamadi, Bunda, na tarumbeta hazipo tena za kuitikia, ikaitikia besi yangu. Kila kituo inashuka. Hapa pia mkuu alitaka kuishia njia panda, na hapa pia mwenyewe akakataa.

"Geti langu la nondo mnaliogopa? Halina mbwa, piteni!"

Ukumbi mzima ukacheka. Wakapita.

Wiki tatu hazikuisha. Dereva wake aliumwa, bwana akaendesha lori mwenyewe kutoka Mwanza. Akafika salama. Geti lake lilikuwa kwenye mteremko. Alishuka kulifungua, lori nyuma yake likaanza kutembea peke yake, polepole, bila kelele, kama mtu anayemfuata mwenzake. Mimi nilikuwa Bunda siku ile, nimekuja mapema kufunga spika. Nilikimbia na watu. Fundi mmoja wa magari aliingia chini ya lori, akatoka na uso wa majivu.

"Hendibreki haina waya," akasema. "Haujakatika huu. Umetolewa."

Watu wakaanza kumtafuta tanboi, na tanboi alikuwa ameshaondoka mjini siku nyingi. Mimi nilisimama hapo na koleo mfukoni. Besi ilikuwa kwenye gari letu hatua hamsini kutoka pale, waya uko juu yake.

Hili sijawahi kumwambia mtu. Na lingine: sikuubadilisha. Nilijiambia nyuzi hazipo, na kweli hazikuwepo. Jumapili iliyofuata tulipiga Musoma na besi ilitoka vizuri kuliko siku zote. Watu walipiga mayowe. Nilirudi nyumbani sikula. Tangu hapo, getini kwa yule bwana sijakanyaga tena. Nikipita Bunda napita barabara kuu, macho mbele.

Kipindi cha tatu kilikuja na ruksa ya kuingiza bidhaa. Ghafla vitu vikajaa, sabuni ya kila rangi, nyuzi za gitaa kwenye pakiti hata watoto wanachezea. Viwanda vya minofu vikataka sangara, na mimi mtoto wa mvuvi ningelala? Nikaanza na boti moja, nikawa na saba. Nikawa na gari la barafu. Shirika lilipokufa na vyombo vyake vikauzwa, nilinunua vyote, pamoja na besi. Nikawapa bendi gari la kusafiria, nikawaagizia kinanda kutoka Dubai. Nikajenga Mwisenge nyumba ya bati jekundu, na mlango wa mbele wa chuma, mwekundu vilevile, una simba wawili wanatazamana. Waliosoma na mimi wakafika la saba walikuwa wanakuja kuniomba lifti.

Nikisema haki, kipindi hiki bendi ilipungua. Wimbo dakika nne, ngoma za mashine, wapigaji wanne wanafanya kazi ya kumi na wawili. Nyimbo za kusifu sabuni ya kampuni, za kusifu mgombea, kesho yake zinamsifu mpinzani wake. Sauti safi tena, kama ya sabini, lakini ya sabini ilikuwa safi kwa hofu, hii ilikuwa safi kwa kukosa mtu ndani. Nilikuwa nalijua hilo. Na bado nilitaka wimbo wangu. Nimewabeba tangu ujana wao, nimewapa gari, halafu niishi na kufa bila kutajwa?

Nilimfuata mkuu nyumbani kwake. Alikuwa ameanza kukonda.

"Wewe sio wa wimbo ule, fundi," akaniambia. "Nitakutungia mwingine. Wa mapenzi, na mke wako ndani."

"Nataka ule wa vituo. Nimefika Kisumu, nimefika Dar. Vituo ninavyo."

"Basi tuishie njia panda."

"Mkuu, mimi nimejenga nyumba. Sikujenga njia panda."

"Fundi."

"Gari mnaloendea Tarime kesho ni la nani?"

Nililisema hilo. Linanirudia mpaka leo. Alinitazama kama anayenipima urefu, akasema, "Haya."

Tulirekodi Mwanza. Mkuu aliimba mpaka njia panda ya Mwisenge, akafunga mdomo, akawa amemaliza. Lakini kinanda kilikuwa kimeshapangwa, mashine inaendelea kugonga, vituo vitatu mbele bado. Wapigaji wa zamani wangesimama naye. Mashine haijui njia panda. Mwenye studio akampungia mkono nyuma ya kioo, endelea, endelea, na mimi nimekaa pembeni yake naitikia kwa kichwa kwa nguvu. Mkuu akafumba macho akamalizia: mwembe, geti, mlango mwekundu, simba wawili, karibu nyumbani. Nilipiga makofi peke yangu.

Miezi miwili baadaye baba yake mkuu alifariki. Tulikwenda kuzika kijijini kwao upande wa Butiama, katikati ya yale mawe makubwa. Marehemu alikuwa askari wa Mwingereza zamani. Kabla ya kutoa jeneza, mzee mmoja akaketi na litungu, zeze la huku kwetu la nyuzi nane, akaanza kuimba. Lugha yao sikuijua, lakini majina ya mahali niliyajua. Burma. Mombasa. Nairobi. Tarime. Kila mahali sauti ikashuka kidogo, kama mtu anayeteremka mawe huku anaangalia anapokanyaga. Kisima, zizi, mlango. Alipotaja mlango watu wote walilia kwa pamoja, na jeneza likanyanyuliwa.

Nilimtafuta shangazi yake mkuu, mama mtu mzima, alikuwa anapepeta mtama nyuma ya nyumba kwa ajili ya waombolezaji.

"Shikamoo mama. Wimbo ule ni wa nini?"

"Marahaba mwanangu. Ni wa kumrudisha mtu. Binadamu amejimwaga kila alikokanyaga, kipande Nairobi, kipande wapi. Akifa lazima aitwe kituo kwa kituo mpaka mlangoni. Akishafika mlangoni ametulia, haondoki tena."

"Na mtu akiimbiwa angali mzima?"

Akaacha kupepeta. "Mzima si yuko njiani? Utamrudishaje mtu hajamaliza kwenda? Nyie watu wa ziwani mna maswali."

Nilimkuta mkuu nyuma ya zizi, amekaa juu ya jiwe. Hakuhitaji kuulizwa.

"Nilikuwa kijana," akasema. "Shirika lilitaka wimbo mzuri kuliko zote, na mimi mzuri kuliko zote niliujua huo mmoja. Baba alinikubalia kwa sharti moja, nisifike mlangoni. Nyimbo zote tatu nilitaka niishie njia panda. Mara tatu. Nani alikataa?"

"Utoe mlango."

"Hautolewi."

"Sasa mimi nifanyeje?"

Akacheka kwa pua, kidogo. "Njia inarefushwa. Wewe nenda mahali, mimi nitapaweka kati. Mlango utasogea mbele."

Basi ndivyo tulivyoishi miaka minne. Nikawa nasafiri. Kampala, Kigoma, Zambia, nikafika hata Dubai kule kilikotoka kinanda. Watu wakasema tajiri hatulii, ana tamaa. Nikawaacha. Kila nikirudi, mkuu aliongeza kituo kwenye bugi la Jumapili, na hakuufikisha wimbo mwisho hata siku moja. Nyumbani nikaita fundi wa matofali, nikauziba mlango wa mbele. Mke wangu alishika kiuno.

"Umeweka simba wawili halafu unatupitisha jikoni kama panya? Baba watoto, unaumwa?"

"Upepo wa ziwa."

"Upepo! Mjita anaogopa upepo!"

Mwaka jana mkuu alikufa. Mwili ulikuwa umeisha, umebaki urefu tu. Siku chache kabla aliniambia, "Nimekurefushia nilivyoweza. Wewe nawe si una miguu?" Yeye mwenyewe waliimba njia yake mpaka mlangoni kwao, na mimi nilikuwa nimeshika jeneza upande wa kichwa. Bendi ikasambaa. Vijana waliobaki wanaujua wimbo wangu kwa kanda tu, ule wa Mwanza wenye mlango.

Na kanda hiyo ndiyo inayonimaliza. Kipindi cha kwanza wimbo ulikaa redioni, mpaka wao wakupigie. Cha pili uliondoka na upepo, wimbo ukiisha umekwisha. Sasa hivi mtu mwenye redio ya mikanda miwili anaweza kunirudisha nyumbani mara mia kwa siku. Miezi mitatu iliyopita nilisimama stendi ya Bunda kununua maji, nikasikia jina langu linatoka kwenye kibanda. Nikanunua kanda zote alizokuwa nazo muuzaji. Akafurahi, akaniambia, "Mzee, ziko nyingi. Kila kibanda mpaka Mwanza. Leo asubuhi wazee fulani wamenunua, wanapeleka Musoma kwa wakwe zao."

Nilikumbuka ni siku gani. Wakwe zangu walikuwa wanakuja kumposa binti yangu. Niliendesha kwa kasi.

Nilipofika Mwisenge niliona wekundu kutoka mbali. Matofali yalikuwa yamelundikwa pembeni na mlango uko wazi. Mke wangu alikuwa ameyabomoa, na nani wa kumlaumu? Wakwe hawapitishwi jikoni. Nikasimamisha gari getini. Nikavuta hendibreki, nikashuka, nikatafuta jiwe nikaliweka chini ya gurudumu. Hiyo ni tabia yangu tangu Bunda. Watu wanadhani ni uangalifu. Kutoka ndani redio ilikuwa inaimba, mkuu yuko Sirari, yuko Tarime anashuka, na wakwe wanapiga makofi.

"Mkwe!" mzee wao mmoja akaita kutoka kibarazani. "Tumekuletea zawadi ya wimbo wako mwenyewe! Mbona umesimama nje kama mgeni? Kwako si hapa?"

Mwembe. Geti. Binti yangu alitoka akasimama katikati ya simba wawili, amevaa kitenge kipya, akaninyooshea mkono apokee mfuko wangu. Ningezunguka jikoni, ningemwaibisha mbele ya watu anaokwenda kuishi nao. Mlango mwekundu, akaimba mkuu. Nikamshika mwanangu mkono. Karibu nyumbani. Nikavuka.

Hakuna kilichotokea. Tulikula, tulicheka, mahari ikazungumzwa vizuri.

Lakini tangu siku ile sijatoka Musoma. Nilifunga begi kwenda Kisumu, boti mbili zikaharibika injini asubuhi ileile. Nilifunga tena kwenda Dar, mguu wa kulia ukavimba, hospitali wamepima hawaoni kitu. Nakaa kwenye kiti karibu na mlango, watu wanapita wananisalimia, wananiambia mzee sasa umetulia. Neno hilo hilo, umetulia. Wanadhani wananisifu.

Jana nilimwambia mke wangu aniletee besi kutoka stoo. Ilikuwa na vumbi, lakini ule waya hauna hata kutu. Nilifikiria miguu yangu aliyoisema mkuu. Nimezunguka hadi Dubai kutafuta vituo, na kipo kimoja hapa karibu ambacho nimekikwepa miaka yote. Kile kwenye mteremko, chenye geti la nondo. Mjane wa yule bwana bado anaishi pale, na watoto wake wakubwa. Njia yangu bado haijapita hapo.

Nilichukua koleo nikautoa waya, mke wangu ananiangalia. Nikaufunga kwenye gazeti, kama nilivyoletewa.

"Unaupeleka wapi huo?"

"Kwa wenyewe."

"Wenyewe nani?"

Nikamwambia yote. Alikaa chini sakafuni mpaka jua likahama dirishani. Halafu akasema, "Nitakwenda na wewe. Mguu huo utakushushaje kwenye mteremko?"

Dereva amefika sasa hivi, anapiga honi getini. Gari nalisikia linanguruma. Nimemtuma mke wangu amwambie azime injini, na kabla hatujatoka aweke jiwe.